Akina Mama na Tiba ya Kupunguza Unene

Daktari akimwambia mama apunguze unene kwa sababu ya sukari, presha au maumivu ya magoti, mara nyingi mama huyo huanza kwa bidii. Baada ya miezi michache hatumwoni tena kliniki. Hapo maneno huanza: mvivu, mlafi, hana nia. Sisi tunasema maneno hayo si ya haki.

Mwaka 1997 wataalamu wa Philadelphia, Marekani, walitoa matokeo ya uchunguzi wao juu ya wanawake 60 wanene. Kabla ya tiba waliulizwa wanataka kupungua kiasi gani. Kwa wastani walitaka kupoteza karibu theluthi moja ya uzito wao. Wakaulizwa tena: ni kiasi gani ambacho kitawavunja moyo? Wakajibu, kilo 17. Baada ya majuma 48 ya tiba walikuwa wamepungua kwa wastani kilo 16. Kwa daktari hiyo ni kazi kubwa, maana hata mtu wa kilo 90 akipunguza kilo 5 hadi 9 tu, mara nyingi sukari na presha huanza kushuka. Lakini karibu nusu ya akina mama wale hawakufikia hata kile kiasi walichosema kingewavunja moyo. Mtu aliyeshinda akijiona ameshindwa, atarudi kliniki kufuata nini?

Huko Italia, mwaka 2005, ilionekana hivyo hivyo kwa wagonjwa 1,785, wengi wao wanawake: waliotazamia kupungua sana ndio waliokuwa wepesi kuacha tiba.

Ipo tabia nyingine, ya kujiwekea amri kali mno. Katika jaribio moja la Marekani la mwaka 1975, wanafunzi wa kike walinyweshwa maziwa matamu mazito, kisha wakapewa aiskrimu waionje. Wasio na desturi ya kujinyima walikula kidogo, kwani walikwisha shiba. Waliozoea kujinyima wakala zaidi! Amri imekwisha vunjika, basi siku nzima imeharibika. Nani kati yetu hamjui mama aliyekula andazi moja saa nne, akaona hana haja tena ya kujizuia mpaka jioni?

Hata hivyo tusimtwike mama mzigo wote. Anayetoka zamu ya usiku hufika kliniki hajalala. Kwingine siku ya kliniki hukatwa mshahara, na kantini haina ila ugali na chai yenye sukari nyingi. Matawi yenye akina mama wengi yadai ruhusa ya kliniki yenye malipo, na mboga katika kantini. Wauguzi nao wasimgombeze mtu mbele ya mizani. Na mama aliyeteleza juma hili aende siku ile ile aliyopangiwa, hata kama anajua uzito umepanda.