Siku Moja Kando ya Ziwa Llanquihue

Kusini mwa nchi ya Chile, mahali ambapo pwani ya Bahari ya Pasifiki huanza kukatika-katika kuwa visiwa na hori, iko bandari iitwayo Puerto Montt. Meli kubwa za matembezi zizungukazo ncha ya Amerika ya Kusini wakati wa kiangazi cha huko, yaani baina ya Novemba na Machi, hutia nanga hapo kwa siku moja tu, tena siku isiyo kamili. Abiria hushuka asubuhi, na jioni huitwa warudi. Katika saa hizo chache wengi hupenda kwenda kuitazama miji iliyo kando ya ziwa Llanquihue, lililo kaskazini ya bandari, mwendo wa kilomita 20 tu. Kwa kuwa siku hizi jamaa wa Kiislamu nao husafiri kwa meli hizo, pamoja na wazee na watoto wao, tumeona yafaa kueleza jinsi siku hiyo iwezavyo kutumiwa vyema, na mafunzo yaliyomo ndani yake.

Neno letu twalisema tangu mwanzo: mwenye siku moja tu na achague machache na aulize mengi. Maana uzuri wa miji hiyo humjia mtu bila taabu, lakini khabari yake haiji ila kwa kuulizwa.

Gari la wengi au gari lenu?

Msafiri ana njia mbili. Ya kwanza ni kujiunga na msafara utengenezwao na meli yenyewe, ambao watu arobaini au zaidi hupakiwa katika basi moja. Faida yake ni amani ya moyo: basi hilo likichelewa, kwa desturi meli hulingoja. Hasara yake ni kwamba hamna hiari. Mtasimama pale basi lisimamapo, mtakula pale wenzenu walapo, na mzee wenu akichoka hapana wa kumngoja.

Njia ya pili ni kukodi gari pamoja na kiongozi wa peke yenu. Kwa jamaa ya watu wanne au sita, mara nyingi gharama ikigawanywa haizidi sana ile ya basi, na pengine hupungua. Mtasimama mkitaka kusali, mtakwenda kwa mwendo wa bibi na wa mtoto, na mtauliza maswali yenu bila haya. Lakini hapa meli haimngoji mtu. Mwenye kuchelewa huachwa, naye hujitafutia mwenyewe njia ya kuifuata bandari ya mbele, kwa fedha zake.

Kwa hiyo yapasa mapatano yafanywe kabla ya safari, tena kwa maandishi. Bei ni ya gari zima au ya kila kichwa? Kiingilio cha jumba la makumbusho kimo au hakimo? Saa ihesabiwayo ni ya melini au ya mjini, maana mara nyingine hizo mbili hazilingani? Na kubwa zaidi, ikiwa upepo utaizuia meli kutia nanga, fedha zitarudishwa? Swali hili si la bure, kwa sababu huko Puerto Montt kwa kawaida meli kubwa husimama majini na abiria hupelekwa nchi kavu kwa mashua. Na bahari ikichafuka, mashua hazishushwi. Waliolipia msafara wa meli ndio hutangulizwa kushuka, basi mwambieni kiongozi wenu asiwatazamie mapema mno. Nao wakati wa kurudi uwekeni angalau saa moja na nusu kabla ya mashua ya mwisho.

Anzeni na ulio mbali

Watu wengi hutaka kuona kila kitu: miji ya ziwani, na maporomoko ya maji ya Petrohué yaliyo upande wa pili katika hifadhi ya taifa, na soko la samaki la Angelmó. Mwenye kufuata yote hayo kwa siku moja hukaa garini kutwa. Sisi twashauri miji mitatu tu, tena muanze na ule ulio mbali kabisa, ili kila saa ipitayo iwasogeze karibu na meli, isiwapeleke mbali nayo.

Mji huo wa mbali ni Frutillar. Jina lake latokana na neno la Kihispania la matunda ya stroberi, yaliyokuwa yakiota porini kwa wingi mahali hapo. Wachache wajua kwamba stroberi kubwa ziuzwazo leo duniani zina asili ya Chile. Mwaka 1714 Mfaransa mmoja, Amédée-François Frézier, aliichukua miche ya stroberi za Chile akaipeleka kwao Ufaransa. Huko ikachanganyika na aina nyingine iliyotoka Amerika ya Kaskazini, na mchanganyiko huo ndio ulioenea kila mahali.

Frutillar ya chini imejipanga ufukoni: nyumba za mbao zenye mapaa ya mwinamo mkali, bustani za maua, na gati la mbao lililoingia majini. Papo pana jumba kubwa la muziki, Teatro del Lago, lililofunguliwa mwaka 2010 na sehemu yake kujengwa juu ya maji. Mwaka 2017 UNESCO iliutia mji huo katika orodha ya miji yake ya muziki. Lakini kwa watoto pazuri kushinda pote ni makumbusho ya walowezi wa Kijerumani, ambamo wataona kinu kisagacho nafaka kwa nguvu ya maji, karakana ya mhunzi, nyumba ya mkulima pamoja na vyombo vyake, na ghala la mviringo.

Mkirudi kusini mtapita mji mdogo uitwao Llanquihue, sawa na jina la ziwa lenyewe. Hapo ndipo mto Maullín utokapo ziwani kuanza safari yake ya kwenda baharini. Kisha mtafika Puerto Varas, mji uliozoea kuitwa mji wa mawaridi kwa jinsi yalivyopandwa kando ya njia zake. Kanisa lake kubwa lilijengwa kwa mbao baina ya mwaka 1915 na 1918, kwa kufuata mfano wa kanisa moja la Ujerumani. Kutoka hapo hata bandarini ni kama nusu saa kwa gari.

Ziwa na milima yake

Ziwa Llanquihue lina ukubwa wa kilomita za mraba 870 hivi. Mtu wa Mwanza au Kisumu ataliona dogo, maana Ziwa Victoria lingeweza kuyameza maziwa kama hayo zaidi ya sabini. Lakini kwa kina mambo hugeuka: Victoria halifiki mita 100 pahali pake pa chini kabisa, na Llanquihue lapita mita 300. Sababu ni kwamba shimo lake lilichimbwa na barafu nzito mno zilizoshuka kutoka milimani zama za baridi kali, na mawe na udongo zilioukokota ukawa kingo za kuyazuia maji.

Ng'ambo ya maji wasimama mlima Osorno, wenye mita 2,652, uliochongoka kama pia iliyopinduliwa, na theluji kichwani. Ni mlima wa moto. Mwaka 1835 mtaalamu Charles Darwin, akiwa kisiwani Chiloé, aliuona usiku ukitoa moto. Na tangu mwaka 1869 umekuwa kimya. Jirani yake, Calbuco, si kimya hivyo. Tarehe 22 Aprili 2015, baada ya kupumzika zaidi ya miaka arobaini, ulilipuka ghafla ukarusha majivu hata nchi ya Argentina, na maelfu ya watu wakahamishwa. Nayo bandari ya Puerto Montt iliharibiwa vibaya na zilzala ya tarehe 22 Mei 1960, iliyo kubwa kuliko zote zilizowahi kupimwa duniani, nguvu yake 9.5. Basi ule utulivu muuonao ufukoni ni wa leo. Wenyeji waijua nchi yao.

Swali lisilo katika picha

Sasa twafika kwenye jambo lililotufanya tushike kalamu. Mgeni akiona nyumba hizo za Kijerumani mwisho wa Amerika, kwanza hustaajabu, kisha hupiga picha, kisha huondoka. Mwambieni kiongozi asimame kidogo, mkamwulize: Je, kabla ya nyumba hizi palikuwa na nini?

Palikuwa na msitu. Na palikuwa na watu, Wahuilliche, ambao ni tawi la Wamapuche. Na jina lao maana yake ni watu wa kusini. Llanquihue ni neno la lugha yao, na mahali pa bandari paliitwa Melipulli, yaani vilima vinne, kabla ya kupewa jina la Rais Manuel Montt. Mwaka 1845 serikali ya Chile ilitoa sheria ya kuwaleta wageni kutoka Ulaya wakae katika ardhi iliyohesabiwa kuwa tupu. Mwakilishi wa serikali, Vicente Pérez Rosales, alipoona msitu haupitiki, alimwajiri mwenyeji mmoja ajulikanaye kwa jina la Pichi Juan autie moto. Moto huo uliwaka kiasi cha miezi mitatu. Khabari hizi hazikuvumishwa na adui. Pérez Rosales mwenyewe aliziandika katika kumbukumbu zake.

Ndipo Wajerumani wakaja, tangu mwaka 1852. Puerto Montt ukaasisiwa mwaka 1853, Puerto Varas 1854, na Frutillar 1856. Nao haki yao isemwe: hawakuwa matajiri waliokuja kustarehe. Walikuwa wakulima na mafundi, wakapewa vipande vya ardhi yenye visiki na matope, penye mvua nyingi, wala hapakuwa na barabara; mpaka reli ilipofika mwanzoni mwa karne ya 20, njia yao kubwa ilikuwa ziwa lenyewe. Kazi ya mikono yao yaonekana mpaka leo.

Hata vigae vya mbao vilivyozifunika nyumba hizo vina khabari. Vingi vyatokana na mti uitwao alerce, ambao hukua polepole mno na huweza kuishi zaidi ya miaka 3,600. Maana yake, imo miti iliyochipua kabla ya kuzaliwa Nabii Isa kwa zaidi ya miaka elfu moja na mia tano, ikaangushwa kwa shoka ili ipatikane paa ya nyumba. Tangu mwaka 1976 ni marufuku Chile kuukata mti huo ungali hai.

Nao Wahuilliche hawakwisha. Wako hai katika wilaya hizo na katika kisiwa cha Chiloé, na sheria ya mwaka 1993 yawatambua pamoja na makabila mengine ya asili. Kiongozi mwema atayasema yote mawili, taabu ya aliyekuja na hasara ya aliyekuwapo, bila kumficha mmoja ili kumpamba mwingine. Asiyejua ila tarehe za kanisa, msimkasirikie. Mwulizeni kwa upole, na pengine mgeni afuataye atamkuta amekwisha kutafuta jawabu.

Sala na chakula

Yako mambo mawili yatuhusuyo sisi khasa. La kwanza ni sala. Kwa saa ya huko, wakati wa kiangazi, adhuhuri huingia karibu na saa nane mchana, na jua huchwa baada ya saa tatu usiku katika Desemba na Januari. Basi mtu anao wasaa, tena ana ruhusa ya msafiri. Kibla cha pande hizo ni mashariki, takriban mashariki kamili. Mtu akisimama ufukoni mwa Frutillar akaelekea Al-Kaaba, atakuwa ameyaelekea maji, na mbele yake kabisa ng'ambo ya ziwa ni mlima Osorno. Mawingu yakiuficha, dira itatosha.

La pili ni chakula. Miji hii ina sifa ya keki za Kijerumani ziitwazo kuchen, zitiwazo matunda ya huko. Nyingi ni za siagi, lakini ulizeni kama hazikutiwa mafuta ya nguruwe au pombe. Chakula mashuhuri cha pande hizo, curanto, huchanganya kome na nyama, na nguruwe humo ni desturi; kiacheni. Samaki wapo tele, nanyi ulizeni wamekaangwa kwa mafuta gani. Mkimwandikia kiongozi wiki moja mbele, atawatafutia mahali pa kula na mahali pa kusali, nanyi hamtapoteza saa nzima mkihangaika.

Mwisho, mlipeni mliyepatana naye bila kumpunguzia, na mkimzidishia kidogo ni ihsani. Watoto nao, mkisharudi melini, wasiulizwe tu ni mji gani ulikuwa mzuri zaidi. Waulizwe ni nani waliojenga, na ni nani waliokuwapo mbele yao. Mwenyezi Mungu awajaalie wasafiri wetu kwenda kwa salama na kurudi kwa salama.