MATUNGUU YA MAUA YACHIPUAYO KABLA YA WAKATI WAKE

Katika nchi za Ulaya na Amerika ya Kaskazini watu hupanda matunguu ya maua katika majira ya majani kupukutika, kati ya Septemba na Desemba, ili maua yatoke baridi inapokwisha. Watu wa kwetu waliohamia huko nao hupanda, na wengi wao hushtushwa na jambo moja. Baridi hulegea siku chache mwezi wa Desemba au Januari, na mara ncha za majani mabichi zaonekana juu ya udongo, miezi miwili au mitatu kabla ya wakati wake. Mwenye bustani hudhani kwamba ua litatoka sasa, theluji italiua, na fedha zake zimekwisha kupotea. Basi huyu huyafukua matunguu akayaweke ndani ya nyumba. Yule huyafunika kwa rundo kubwa la majani makavu. Karatasi hii yaeleza kwa nini kazi hizo mbili mara nyingi huleta hasara kupita baridi yenyewe.

Kwanza yafaa kujua tunguu ni kitu gani. Kila mtu amepata kuona kitunguu kilichosahauliwa kapuni jikoni, kikatoa majani bila udongo wala maji. Kiliweza kufanya hivyo kwa sababu chakula chake chote kimo ndani ya magamba yake manene. Matunguu ya tulipu, nargisi na hiasinti yako vivyo hivyo. Tena yana jambo la zaidi: mtu akilipasua tunguu zuri la tulipu kwa kisu mwezi wa Oktoba, ataliona ua katikati yake, dogo sana, lakini limekwisha kuumbika. Liliumbika wakati wa joto, tunguu likiwa bado ghalani. Kwa hiyo anayepanda tulipu hapandi mbegu ya kubahatisha. Apanda ua lililo tayari, ambalo limebakiwa na kazi ya kurefuka tu.

Kazi hiyo ya kurefuka yahitaji baridi. Asili ya tulipu nyingi ni milima ya Asia ya Kati, kama Tien Shan na Pamir, ambako kiangazi ni kikavu na baridi ni ndefu na kali. Mtaalamu wa Uholanzi, A. H. Blaauw (1882–1942), aliyefanya kazi katika mji wa Wageningen, alichunguza kwa miaka mingi jinsi joto na baridi vinavyoongoza kila hatua ya maisha ya tunguu, na wakulima wa Uholanzi wakajifunza kwa njia hiyo kupata maua katika siku waitakayo. Kwa desturi tulipu yataka majuma 12 hata 16 ya baridi, karibu digrii 48 za Farenhaiti, yaani 9 za sentigredi. Ikikosa baridi hiyo, shina huwa fupi, ua hukwama katikati ya majani, au hufa ndani lisionekane kabisa.

Sasa twaweza kuelewa maana ya zile ncha za Desemba. Zatuonyesha kwamba tunguu limekwisha kutia mizizi, na kwamba udongo umepata vuguvugu la kutosha kuliruhusu jani lisogee. Hazituonyeshi kwamba ua linakuja nyuma yake mara moja. Ua lingali chini, ndani ya shingo ya tunguu au chini ya udongo, na hapo udongo walikinga. Baridi ikirudi, jani husimama pale pale lilipofika. Jani changa la tulipu au nargisi laweza kustahimili jalidi nyingi. Pengine ncha yake huungua ikawa ya rangi ya kahawia, na kovu hilo huonekana mpaka mwisho wa majira, lakini ua hutoka kama kawaida.

Tena si kila jani la mapema ni la makosa. Muskari hutoa majani yake katika majira ya kupukutika kila mwaka, nayo hukaa katika baridi yote. Ndivyo ilivyo desturi yake, na mwenye bustani asisumbuke.

Mtu akiyafukua matunguu yaliyochipua, huikata mizizi. Mizizi ya tulipu na hiasinti ikikatika haioti mingine mwaka ule, na tunguu hubaki kujitegemea kwa akiba yake. Hapo ndipo ua hupotea kweli.

Kuhusu matandazo, watu wengi hukosea kwa sababu huyafananisha na blanketi. Mtu aliyelala hujifunika ili apate joto. Tunguu hufunikwa ili libaki katika baridi isiyobadilika-badilika. Basi matandazo ya majani makavu au manyasi, unene wa inchi mbili hata nne, huwekwa baada ya udongo kuganda juu, si kabla. Yakiwekwa mapema, yanazuia joto lililomo udongoni lisitoke, tunguu laendelea kukua, na panya hupata mahali pema pa kujenga tundu, tena chakula ki karibu. Ikiwa ncha zimekwisha kutokea na udongo haujaganda, ni heri kungoja. Rundo zito lililowekwa juu ya majani mabichi huyafanya yawe meupe na dhaifu, na siku litakapoondolewa yataungua kwa jua na upepo.

Hatari ya kweli yaja wakati tumba la ua limekwisha kutoka nje au ua limechanua. Desemba ya mwaka 2015 ilikuwa na joto la ajabu. Mjini New York, tarehe 24, joto lilifika digrii 72 za Farenhaiti (22 za sentigredi), na katika Uingereza mwezi ule ulikuwa Desemba yenye joto kupita zote zilizotangulia tangu mwaka 1910. Nargisi zilichanua mahali pengi kabla ya Krismasi. Ua lililochanua hivyo haliwezi kurudishwa, wala tunguu halitoi jingine mahali pake mpaka mwaka ufuatao. Jalidi kali ikitazamiwa, yakate maua uyaweke katika chombo cha maji ndani ya nyumba, uyaache majani yote. Tumba ambalo bado limefumba laweza kufunikwa usiku kwa ndoo au kitambaa, nacho kiondolewe asubuhi. Nargisi iliyoinamisha kichwa kwa baridi usiihesabu kuwa imekufa; mara nyingi huinuka jua linapopanda.

Majani yasikatwe mpaka yawe ya manjano yenyewe, hata kama ua limepotea. Tunguu kuukuu la tulipu hufa kila mwaka na jipya hukua mahali pake, na ni majani yanayolilisha hilo jipya. Mtu akiyakata kwa hasira, amekata na maua ya mwaka ujao.

Sababu nyingi za kuchipua mapema hutokana na siku ya kupanda na mahali. Nargisi hupenda kupandwa mapema, mwezi wa Septemba. Tulipu ingoje mpaka udongo upoe chini ya digrii 55 (13 za sentigredi). Katika Uingereza hupandwa Novemba, na kuchelewa huko hupunguza pia ule ugonjwa wa kuvu uunguzao majani ya tulipu. Chimba inchi sita hata nane. Epuka ukuta ulioelekea kusini na msingi wa nyumba inayopashwa moto, kwani udongo wa hapo hauna baridi ya kweli.

Anayekaa Florida au pwani ya Texas atie tulipu zake katika jokofu kwa majuma yasiyopungua nane, kisha azipande Desemba au Januari. Asizichanganye na matofaa wala matunda mengine yanayoiva, maana hutoa hewa iitwayo ethilini, nayo huliua ua ndani ya tunguu. Na aliyepanda katika vyungu ajue kwamba chungu huganda pande zote upesi kuliko ardhi, na kupata joto upesi vilevile. Akiweke katika banda lisilo na moto, mahali pa kivuli, mpaka baridi iishe.