Kisiwa Si Lazima Kiwe Pwani

Mbogi ya Kanairo ikianza kupanga likizo ya kisiwa, form huwa ni ile ile: Lamu, Zanzi, ama Wasini kwa wale wanajua. Pwani ni moto, hiyo siwezi bishia. Lakini Kenya iko na visiwa zingine upande ule mwingine, ndani ya Ziwa Victoria, na mayut wa mtaa wenye wameweka mguu huko ni wachache sana. Naongelea Rusinga, Takawiri na Mfangano. Ukizipanga poa unapata historia, mchanga na mlima kwa safari moja, na ganji yako inabaki kwa mathe wa samaki na msee wa boti.

Kufika huko kuna njia mbili. Unaweza shika basi ya usiku kutoka tao, upite Kisii na Homa Bay hadi Mbita. Ama ushike ya Kisumu, usonge hadi Luanda Kotieno, uvuke na feri. Mimi ni msee wa feri, juu ziwa inakuingia kwa roho kabla hata hujatua.

Rusinga haihitaji boti, unavuka daraja tu kutoka Mbita. Kitambo hapo kulikuwa na tuta, ilijengwa miaka ya 1980, ikaziba maji na wavuvi wakateta miaka mob kabla daraja ikuje. Sai maji inapita chini yako ikiwa huru.

Unaijua ile sanamu ya Tom Mboya pale Moi Avenue, penye tunapatana na mabeshte? Mwenyewe amelala Rusinga. Alipigwa risasi tarehe 5 Julai 1969, karibu na hapo hapo penye sanamu imesimama, akiwa na miaka 38, na kaburi yake ilijengwa ikiwa na umbo ya risasi. Huyu ndiye alisukuma mpango wa kupeleka mayut wa Kenya kusoma Marekani. Ndege ya kwanza iliondoka 1959, na mwaka uliofuata Wangari Maathai akaenda kwa mpango huo huo. Buda, unapita hiyo sanamu kila siku ukikimbilia mathree. Enda umsalimie kwao.

Ni kwa kisiwa hiyo hiyo Mary Leakey alipata fuvu ya Proconsul mwaka wa 1948, mnyama wa jamii ya nyani wakubwa aliyeishi kama miaka milioni 18 iliyopita. Bado kuna mawe huko zenye zimeshika mifupa ya kale. Ukiona kitu, cheki na macho tu, usibebe.

Takawiri ni ya kuchill. Mchanga ni mweupe, msee wa Pwani mwenyewe atashtuka. Lakini wacha nikushow ukweli kuhusu kuogelea, juu watu wengi hawaambiwi: ziwa iko na kichocho. Vimelea vyake vinatoka kwa konokono wa majini, hasa penye maji imetulia na kuna majani mob. Uliza wenyeji wanaogelea wapi, uliza pia kuhusu kiboko na mamba, na wiki kadhaa ukisharudi pitia hosi upimwe. Dawa iko na inafanya wera. Mimi siwezi kukuambia ukae kando na maji hivyo, lakini usiingie kiholela.

Sasa Mfangano. Hii ndiyo sababu nimeandika hii kitu yote.

Boti za Mbita zinakupeleka huko kwa zaidi ya saa moja, zikisimama bichi kwa bichi kushusha watu, unga, soda na magodoro. Shika ya asubuhi. Ziwa huwa imetulia mapema, mchana upepo unaamka na mawimbi ya hapo si ya mchezo. Jaketi ya kuelea itishe kabla injini iwake, na kama hakuna, ngoja boti ingine.

Wenyeji ni Abasuba, watu ambao mababu zao walivuka maji kutoka upande wa Uganda. Leo wengi wanabonga Kijaluo, na lugha yao, Olusuba, imebaki sana kwa wazee. Anzia makumbusho yao ya jamii pale Ramba, salimia jaduong', yaani mzee, utakayempata hapo, keti usikize. Ukiruka hiyo hatua, mlima utaupanda lakini hautakuambia kitu.

Kuna picha za kale kwa mawe. Mawanga ni pango ya chini, Kwitone iko juu kwa mgongo wa kilima. Ni miduara ndani ya miduara, nyekundu na nyeupe, zingine na miale kama jua. Watafiti wanaamini zilichorwa na Watwa, wawindaji walioishi huku kabla Abasuba wafike, na baadaye wazee wa kisiwa wakawa wanaombea mvua hapo. Nilisimama mbele ya hiyo ukuta nikasahau simu iko kwa mfuko. Msee alikaa hapa na rangi kwa kidole, akaangalia hili ziwa, na wera yake bado iko.

Haiki yenyewe ni ya mlima Kwitutu, karibu mita 1,700 juu ya bahari. Ziwa iko mita 1,134, so mguu inapanda zaidi ya mita 500 za ukweli. Rauka saa kumi na mbili asubuhi, beba maji mob, na lipa kijana wa hapo akuonyeshe njia, juu kuna vijia vinapita katikati ya shamba za watu. Ukifika juu unaona Takawiri, Rusinga na milima ya Gwassi, na maji ikienda upande wa Uganda hadi macho inachoka.

Na usilale mapema. Wavuvi wa omena wanatoka usiku na taa, samaki anafuata mwanga, na ziwa yote inawaka hadi unadhani kuna tao ingine huko ndani. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti, boti mob zinabaki bichi. Kwa hivyo kabla ukate tiketi, cheki kalenda ya mwezi na uende wakati wa giza. Asubuhi utawapata wamathe wakianika omena kwa neti. Nunua kwao, na ngege ya kukaanga na ugali udishie hapo hapo.

Likizo ikifunguka, ita mbogi, beba raba za kupanda mlima na tochi. Usiguse picha za Mawanga, usiandike jina yako kwa jiwe, na plastiki yako yote rudi nayo Mbita.