Ngumi ya uwanjani: Kidonda kidogo, hatari kubwa

Anayeishi Eastlands anajua kwamba mwisho wa wiki haupiti bila mpira. Kuanzia Camp Toyoyo kule Jericho hadi City Stadium kando ya Barabara ya Jogoo, uwanja ambao siku hizi una jina la marehemu Joe Kadenge, watu hujazana, hushangilia na kutukanana kwa mzaha. Wengi hurudi nyumbani salama. Wachache huishia katika chumba changu cha matibabu, na mara nyingi huja wakiwa wamechelewa.

Jumanne moja aliingia kijana mmoja, kipa wa timu ya ligi ya chini. Mkono wake wa kulia ulikuwa umevimba kama andazi. Juu ya kifundo cha kidole cha kati palikuwa na kidonda kisichozidi punje ya mchele, kikitoa usaha.

"Nilikatwa na bati, daktari," alisema.

"Bati hilo lilikuwa na meno mangapi?" nikamuuliza.

Alitazama chini, kisha akasema kweli. Jumamosi, shabiki aliyesimama nyuma ya lango alikuwa amemtukania mama yake kipindi kizima, halafu akamrushia chupa. Kipa aliruka kamba akampiga ngumi moja ya mdomo.

Yeye si wa kwanza. Mnamo Januari 25, 1995, Eric Cantona wa Manchester United alionyeshwa kadi nyekundu huko Selhurst Park, London. Akiwa njiani kutoka, alimrukia kwa teke shabiki aliyekuwa akimzomea. Alifungiwa kucheza kwa miezi minane, na mahakama ikaamuru afanye kazi za kijamii kwa saa 120. Hapa kwetu, Machi 2012, mchezaji wa Gor Mahia alipotolewa nje katika mechi dhidi ya AFC Leopards uwanjani Nyayo, mawe yalirushwa, viti viking'olewa na mchezo ukasimama. Mambo ya adhabu nawaachia wakuu wa soka. Mimi nitazungumzia mwili.

Mtu akikasirika, moyo hudunda mbio, misuli hukaza na maumivu hayasikiki. Ndiyo maana mpigaji hajui kwamba naye ameumia. Ngozi ya kifundo cha kidole ni nyembamba sana, na chini yake kuna kano na kiungo. Jino likipenya, huingiza vijidudu vya kinywani hadi ndani. Ngumi ikifunguliwa, kano hurudi nyuma na kuvifungia vijidudu humo kama mtu anayefunga mlango. Kwa nje unaona mkwaruzo, kumbe ndani kiungo kinaoza.

Kwa hivyo, jeraha la ngumi iliyogonga meno lihesabiwe kuwa ni kuumwa na binadamu. Lioshe mara moja kwa maji mengi safi na sabuni, kisha uende hospitali siku hiyo hiyo hata kama haliumi. Usikubali lishonwe upesi upesi bila kuchunguzwa. Utahitaji kupigwa picha ya eksirei, kupewa dawa za kuua vijidudu, na pengine sindano ya pepopunda. Ikiwa damu zimechanganyika, mweleze daktari wazi. Akiona kuna haja ya dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi, ni lazima zianze ndani ya saa 72, na mapema ndiyo bora. Usidanganye kuhusu bati. Daktari hakuulizi ili akupeleke polisi.

Nilipokuwa nikimwandikia kipa barua ya kwenda kwa mpasuaji, nilimuuliza: "Na yule uliyempiga?"

"Alianguka chali, akagonga kichwa kwenye saruji. Lakini aliinuka akaenda zake, daktari."

Maneno hayo yalinitia wasiwasi kuliko ule mkono. Nilimwomba awapigie simu watu wa timu, shabiki huyo atafutwe. Alipatikana jioni akiwa amelala chumbani kwake. Wenzake walisema ni pombe za Jumamosi. Pombe gani hiyo ya siku tatu? Kichwa kilikuwa kikimuuma na kuzidi, na alikuwa ametapika mara kadhaa. Kipimo kilionyesha damu iliyoganda ikiubana ubongo. Alipasuliwa usiku ule, akapona.

Msomaji, aliyegongwa kichwa anaweza kuinuka, akacheka na kutembea, kisha akazidiwa baada ya saa chache au hata siku kadhaa. Asiachwe peke yake siku ya kwanza. Asinywe pombe wala aspirini. Mkimbize hospitali kubwa ukiona lolote kati ya haya: kichwa kinachozidi kuuma, kutapika mara kwa mara, usingizi mzito asioamka vizuri, maneno yasiyoeleweka, mboni ya jicho moja kuwa kubwa kuliko nyingine, mkono au mguu kulegea, kifafa, au damu na majimaji kutoka masikioni au puani. Na usiseme "amelewa tu" kwa sababu ananukia pombe. Mlevi pia ana ubongo.

Kipa alioshwa kiungo katika chumba cha upasuaji. Mkono ulipona, lakini kidole cha kati hakikunji tena hadi mwisho, na kwa mtu anayekula kwa kudaka mipira, hiyo si hasara ndogo. Shabiki ana kovu kichwani. Matokeo ya mechi yenyewe hakuna kati yao aliyeyakumbuka nilipowauliza.

Mchezaji, ukitukanwa, mwite refa na uende upande wa pili wa uwanja. Shabiki, tiketi yako haikununua mama wa mtu. Wahenga walisema, asiyekubali kushindwa si mshindani.