Biskuti Laini za Chokoleti kwa Mashamba ya Nchi za Juu

Mama mwenye shamba katika skimu za Kinangop au Ol Kalou ana vitu vingi vinavyotakiwa kwa kuoka biskuti nzuri. Ana maziwa ya kufanyia siagi, ana mayai, na pengine ana asali. Anachonunua ni unga, sukari na chokoleti. Lakini akifuata maagizo ya kwenye pakiti kama yalivyo, mara nyingi biskuti zake hutandaa kama chapati, zikawa ngumu na kavu, na chokoleti aliyoinunua kwa bei kubwa ikaharibika bure. Sababu yake inafaa kujulikana, maana dawa yake ni rahisi.

Biskuti hizi zilianzia Marekani katika miaka ya 1930. Bibi mmoja aitwaye Ruth Wakefield, aliyekuwa na nyumba ya wageni iliyoitwa Toll House katika mji wa Whitman, jimbo la Massachusetts, alikata chokoleti vipande vidogo akavitia katika unga wa biskuti. Watu walizipenda sana, na hata leo maagizo mengi yanafuata yale yake. Lakini Whitman ni nchi ya chini, si mbali na bahari. Kinangop na Ol Kalou ziko zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari, na huko hewa ni nyepesi.

HEWA NYEPESI HUFANYA NINI

Kila mpishi wa nchi za juu anajua kwamba maharagwe huchukua muda mrefu kuiva. Ni kwa sababu maji huchemka karibu digrii 92 badala ya 100. Katika biskuti mambo matatu hutokea. Kwanza, hewa inayotolewa na soda huvimba upesi, biskuti ikainuka na kuanguka kabla haijashikamana. Pili, maji hukauka upesi, nayo biskuti iliyopoteza maji haiwezi kuwa laini. Tatu, maji yakipungua sukari huzidi nguvu, na sukari nyingi hufanya biskuti itandae.

Basi, mpishi wa nchi za juu apunguze soda na sukari kidogo, aongeze unga na maji kidogo, atumie moto wenye nguvu zaidi kidogo, na aoke kwa muda mfupi.

VIFAA

Kipimo hiki hutoa biskuti 20 hivi. Kikombe ni cha mililita 250.

Unga wa ngano wa kawaida, usiotiwa hamira, kikombe 1 na nusu (gramu 190).
Siagi gramu 125.
Sukari ya kahawia nusu kikombe, pamoja na vijiko 2 vya mezani.
Asali kijiko 1 cha mezani.
Yai 1.
Maziwa kijiko 1 cha mezani.
Soda ya kuokea robo ya kijiko cha chai. Usitumie magadi ya mawe yanayotiwa katika githeri.
Chumvi robo ya kijiko cha chai.
Chokoleti gramu 100, iliyokatwa kwa kisu vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi.

Asali ina kazi kubwa hapa, kwa kuwa huvuta maji na kuyashika. Kama huna asali, kwaruza sukari guru utumie kipimo hicho hicho. Kama siagi umeitengeneza nyumbani, ioshe kwa maji baridi mpaka maji yatoke safi, kisha uikamue vizuri. Siagi yenye maziwa ndani huchacha upesi, na yenye maji mengi huharibu kipimo.

JINSI YA KUFANYA

Piga siagi na sukari kwa mwiko mpaka zichanganyike na kuwa laini. Tia asali, yai na maziwa, upige tena. Chekecha unga pamoja na soda na chumvi, uumimine humo, na ukoroge mpaka unga mkavu usionekane. Acha hapo hapo. Ukikanda kama chapati biskuti zitakuwa ngumu. Mwisho tia chokoleti.

Funika bakuli uliweke mahali pa baridi kwa nusu saa au zaidi. Unga hunywa maji na siagi hugandamana, kwa hiyo biskuti hazitatandaa ovyo. Watoto wasilambe bakuli, kwa sababu unga mbichi na yai bichi huweza kuwa na viini vya ugonjwa wa tumbo.

MOTO

Asiye na jiko la kuokea atumie sufuria kubwa yenye kifuniko kizito. Tandaza mchanga mkavu chini, uweke juu yake mawe matatu madogo yaliyo sawa. Weka makaa machache chini ya sufuria na mengi zaidi juu ya kifuniko, maana biskuti huungua upesi upande wa chini. Ili kupima moto, nyunyiza kijiko cha unga katika sahani ya bati uiweke ndani. Unga ukigeuka rangi ya dhahabu kwa dakika 5, moto unafaa. Ukiwa mweusi, ondoa makaa. Mwenye jiko la kupimwa kwa digrii aliweke 190.

Fanya madonge ya ukubwa wa kijiko cha mezani kilichojaa, uyapange katika sahani iliyopakwa siagi na kuyaachia nafasi. Katika jiko la kuokea dakika 9 au 10 zinatosha. Katika sufuria huenda zikafika 15.

Hapa ndipo wengi hukosea. Biskuti ikiwa tayari kutolewa, kingo zake zimeshikamana na kuanza kupata rangi, lakini katikati bado ni laini ukiigusa, ila isiwe na majimaji wala kung'aa kama unga mbichi. Itoe wakati huo, uiache katika sahani yake ya moto kwa dakika 5. Itamalizia kuiva hapo. Anayengoja mpaka katikati pawe pagumu atapata biskuti kavu ikipoa. Oka biskuti mbili kwanza kwa kujaribu, kabla ya kutia zote.

Zikipoa kabisa, zitie katika mkebe unaofunga vizuri pamoja na kipande cha mkate. Mkate utakauka na biskuti zitabaki laini siku kadhaa.

Msomaji wa Mwea, au wa Mpeketoni karibu na pwani, atumie soda nusu kijiko cha chai, apunguze unga vijiko 2 vya mezani, aache maziwa, na jiko liwe digrii 180.

HESABU

Kakao nyingi ya dunia hutoka Kodivaa na Ghana. Mavuno yalipopungua huko, bei ya kakao katika soko la dunia ilipita dola 10,000 kwa tani mwaka 2024, jambo ambalo halikuwa limeonekana kabla. Kwa hiyo usipoteze chokoleti. Ukitaka, tia gramu 50 tu, na njugu zilizokaangwa na kupondwa mahali pa zile nyingine.

Anayefikiri kuuza aandike gharama zote, hata za vitu vya shambani. Yai lililotoka bandani si la bure, kwa kuwa lingeweza kuuzwa. Hesabu yai na siagi kwa bei ya soko, ongeza unga, sukari, chokoleti na makaa, halafu gawanya kwa idadi ya biskuti. Kama bei ya kuuzia haizidi hapo, biskuti hizo ni za watoto wako, na wao watazifurahia. Kama inazidi, mwone afisa wa afya wa mahali penu akueleze masharti ya kuuza chakula, kisha uanze kidogo kidogo.