Je, Wajua? Sumaku huponya usukani unaotikisika

Mpenzi wa urubani wa kwenye kompyuta anaijua kero hii: mkono umetulia, ndege kwenye skrini inayumba yenyewe. Mara nyingi chanzo ni potenshiomita, kifaa kilekile kinachopandisha na kushusha sauti ya redio. Ndani yake kuna kidole cha chuma kinachosugua utepe wa kaboni. Utepe ukilika au ukiingia vumbi, kompyuta hupokea namba za kurukaruka.

Dawa yake ni sensa ya Hall, inayopima nguvu ya sumaku bila kuigusa. Sumaku ndogo hubandikwa kwenye mhimili wa usukani au pedali, sensa hukaa kando, na pasipo msuguano hakuna kinacholika. Kanuni ya sensa hiyo aliigundua Mmarekani Edwin Hall mwaka 1879, miaka 24 kabla ya ndugu Wright kuruka! Sensa huunganishwa na bodi ndogo ya kielektroniki iitwayo Arduino Leonardo, ambayo huugawa mwendo katika hatua 1,024 na huweza kutambuliwa na kompyuta kama jostiki ya USB.

Mafundi wa nyumbani wanaojitengenezea vifaa hivi wana mtangulizi wa kujivunia: Edwin Link, aliyekamilisha kiigizi chake cha urubani mwaka 1929 huko Binghamton, New York, kwa mivukuto ya kiwanda cha vinanda cha baba yake.