Mahema shambani: Siku 60 za kuuza, mkulima achague zipi?

KILA majira ya kuchipua, kuanzia Machi hadi Mei, watembea kwa miguu huanza kumiminika katika Hifadhi ya Taifa ya Exmoor, kusini magharibi mwa Uingereza. Hifadhi hiyo iliyoanzishwa mwaka 1954 inapakana na bahari, na njia ya miguu ya pwani yenye urefu wa kilometa 1,014 huanzia katika mji wa Minehead, jirani nayo.

Tofauti na hifadhi nyingi za Afrika Mashariki, sehemu kubwa ya ardhi ya Exmoor ni mali ya watu binafsi, wakiwamo wafugaji wa kondoo na ng'ombe. Mgeni haruhusiwi kupiga hema popote apendapo. Ni lazima apate ridhaa ya mwenye ardhi. Hapo ndipo biashara inapoanzia.

Wafugaji hao wana sababu ya kutafuta kipato kingine. Ruzuku waliyokuwa wakilipwa kwa ukubwa wa shamba ilianza kupunguzwa mwaka 2021, na mpango wa kuimaliza unafikia ukomo mwaka 2027.

Mwaka 2023 serikali ililegeza masharti. Mkulima anaweza kuweka hadi mahema 50 kwa siku zisizozidi 60 kwa mwaka bila kuomba kibali kamili cha mipango ya ardhi. Hata hivyo, anatakiwa kuijulisha mamlaka ya mipango tarehe atakazofungua, kuweka vyoo na kuwa na utaratibu wa kuondoa taka. Maeneo yaliyotengwa kwa umuhimu wa kisayansi hayahusiki.

Kwa hesabu ya karatasini, mahema 50 kwa siku 60 ni malazi 3,000. Lakini hesabu ya karatasini haijazi mfuko. Siku yenye mahema matano inapunguza akiba ya siku 60 sawasawa na siku yenye mahema 50. Aidha, choo cha kukodi na maji hulipiwa hata wageni wakiwa wachache.

Majira ya kuchipua yana kikwazo kingine: ndiyo wakati kondoo wanapozaa. Jike mwenye mimba akikimbizwa na mbwa anaweza kuharibu mimba, na mwanakondoo akitengana na mama yake anaweza kufa. Ndiyo maana katika ardhi ya wazi ambayo umma umeruhusiwa kutembea kwa sheria ya mwaka 2000, mbwa lazima afungwe kamba isiyozidi mita 2 kuanzia Machi 1 hadi Julai 31.

Vilevile, uwanja uliolowa mvua ukikanyagwa na magari, majani hayaoti vizuri, na malisho hayo ndiyo mtaji wa mwaka mzima.

Kwa hiyo, mfugaji makini hufungua siku chache tu za sikukuu na mwisho wa wiki majira haya, tena katika uwanja ulio mbali na kondoo wanaozaa. Siku nyingi huzitunza kwa ajili ya Julai na Agosti, shule zinapofungwa.

Somo hili halina mipaka. Mkulima au mfanyabiashara mdogo anayeongeza mradi wa pili, ajiulize kwanza: mradi huo unakula nini cha mradi wa kwanza? Mali bila daftari hupotea bila habari.